Miti Iliyopungua Kiuno

Kabla hajawa mpimaji wa miti, Mama Futi alikuwa fundi cherehani, na kabla hajaijua cherehani alikuwa tayari mtu wa kushuku. Waliokua naye wanasema hata alipopewa peremende alikuwa akiigeuzageuza kwanza kama mtu aliyepokea noti asiyoiamini. Ushonaji ulimzidishia tu tabia hiyo. Kwa miaka ishirini na saba alikaa katika chumba kimoja chenye dirisha la mbele, mkabala na posta, akiwapima watu waliokuwa wakimdanganya usoni. Mama mzima anasimama, anavuta pumzi, analibana tumbo, kisha anasema, "Tumia vipimo vya mwaka jana, fundi, mimi sijabadilika." Mama Futi humwambia ashushe pumzi, halafu anazungusha futi kamba yake. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu futi haikutoka shingoni mwake, hata akienda sokoni, hata siku ya mazishi ya mumewe, alipoivaa bila kujua mpaka mdogo wa marehemu akamvua taratibu na kuitia mfukoni.

Mdogo huyo wa marehemu, shemeji yake, ndiye aliyemtoa kwenye cherehani. Mgongo wa Mama Futi ulikuwa umeanza kugoma. Akikaa saa mbili kuinuka ilikuwa kesi, na binti yake, ambaye alishajifunza ufundi wote, alikuwa akifanya kazi za watu wawili. Siku moja shemeji akaingia dukani na kofia mkononi. Huyu watu walimwita Kamili, kwa sababu ukimuuliza habari za kazi, za nyumbani au za mafua aliyokuwa nayo, jibu lilikuwa moja: "Kamili!"

"Shemeji," alisema, "kule kituoni kwetu wanatafuta mtu wa kupima."

"Kupima nini?"

"Miti."

"Inashonewa nini?"

"Wanataka kujua unene wake, shemeji. Kila mwezi."

"Kila mwezi? Kwani ina mimba?"

Binti alicheka mpaka uzi ukakatika. Mama Futi hakucheka. Mtu anayemlipa mwenzake kwenda kuikumbatia miti msituni ana lake jambo, na yeye alitaka kulijua jambo lenyewe kabla hajatia mguu. Lakini mgongo nao ulikuwa na neno lake. Jumatatu iliyofuata akavaa viatu vya marehemu mumewe, vilivyompwaya kidogo, akaenda.

Kituo cha utafiti wa misitu kilikuwa nje kidogo ya mji: nyumba ndefu ya vyumba vinne, banda la bati, tangi la maji, na msitu ulioanzia nyuma ya choo. Mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyeitwa Daktari ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Alimkaribisha kwa adabu, akamwonyesha futi ya chuma na daftari, akamweleza kwamba kituo kinataka kujua msitu unavuta hewa kiasi gani.

"Hewa unaipimaje kwa futi, mwanangu?" Mama Futi aliuliza. Alimzidi Daktari miaka kumi, na alishaamua kwamba hapa ndipo uongo ulipo.

Daktari hakukasirika. Aliokota kipande cha gogo kilichokuwa kikizuia mlango, akamtia mikononi. "Kizito, siyo? Hiki hakikutoka udongoni kama watu wanavyodhani. Udongo hutoa maji na chumvi kidogo tu. Majani yana vitundu vidogo sana, macho hayavioni. Kupitia vitundu hivyo mti unavuta hewa ya ukaa, hiyo hiyo tunayoitoa tukipumua, na inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda. Jua linaupa nguvu, unaichanganya hewa na maji, unapata sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa shina. Gogo kavu kama hili, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni iliyotoka hewani. Ukinipa unene wa mwezi huu na wa mwezi uliopita, nitakwambia mti umemeza kiasi gani."

"Na ukishajua?"

"Nitajua msitu unatusaidia kiasi gani. Hewa hiyo ikizidi juu inalishika joto la dunia, haliondoki. Misitu inatupunguzia. Lakini hakuna ajuaye itaendelea kutupunguzia mpaka lini."

Jioni Mama Futi alimwambia binti yake, "Wanasema mlango wetu umetengenezwa kwa hewa."

"Ndiyo maana unapitisha upepo," binti alijibu bila kuinua macho kwenye pindo.

Alikabidhiwa upande wa bonde, miti mia nne na kumi na miwili. Kamili alikuwa na upande wa mteremko, miti mia tatu na themanini. Kila mti ulikuwa na kibati cha namba, na mstari wa rangi nyekundu umezunguka shina usawa wa kifua, ili futi ipite pale pale kila mwezi. Kazi ilimkaa Mama Futi kama nguo iliyokatwa na fundi mzuri. Mti haubani tumbo, hausemi haujabadilika, haumwambii mtu aharakishe kwa sababu harusi ni kesho. Alipima kila mti mara mbili, na vipimo visipolingana alipima mara ya tatu. Mwaka wa kwanza mvua zilinyesha kwa wakati, na miti ilinenepa: milimita mbili huku, tatu kule, mmoja karibu na kijito ukaongeza sentimita nzima, akauita Bi Harusi. Alikuwa akisoma namba hizo kwa furaha aliyoificha, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.

Mwaka wa pili mvua za kwanza zilichelewa, zikaja kidogo, zikaondoka bila kuaga. Za pili hazikuja. Joto likapanda mpaka bati la banda likawa linalia mchana kutwa. Ndipo siku moja, mbele ya mti namba 214, Mama Futi akasoma sentimita 163.1. Akafunua ukurasa wa nyuma. Mwezi uliopita aliandika 163.4.

Akapima tena. 163.1. Akapima mara ya tatu, na ya nne, akijua fika kuwa anajidanganya. Mti ulikuwa umepungua kiuno.

Kitu cha kwanza alichokishuku ni macho yake. Alikwenda kupimwa, akaambiwa yana umri wake lakini hayana kosa. Akaishuku futi ya chuma. Chuma kikipata joto hutanuka, hilo alilijua kutokana na pasi na mikasi, na futi iliyorefuka husoma pungufu. Akaiweka kivulini mpaka ikapoa, akailinganisha na rula ya chuma ya ofisini na ya fundi seremala jirani. Zote zilikubaliana. Mwezi uliofuata miti sabini na mitatu ilikuwa imepungua. Hata Bi Harusi.

Basi akamshuku binadamu. Mtu akiipandisha mistari ile ya rangi juu kidogo tu, pale shina linapoanza kuwa jembamba, kipimo kitashuka. Nani angefanya hivyo, na kwa faida gani? Alimfikiria mlinzi wa getini, aliyekuwa akimsalimia kwa bashasha isiyo na sababu. Alimfikiria hata Daktari: huenda alitaka msitu uonekane unakufa ili apewe fungu kubwa zaidi. Kuhusu Kamili, wazo lilimjia akiwa anaosha vyombo, akaliweka kando pamoja na masufuria. Lakini lilikuwa wazo, na wazo likishaingia kwa Mama Futi halikuwa na haraka ya kutoka.

Akatega mtego. Alichukua uzi wa nailoni, ule mwembamba wa kushonea mikoba, akaufunga kwenye miti kumi yenye magome laini, kila mti kidole kimoja chini ya mstari. Aliufunga alfajiri, umebana vizuri, kwa fundo lake mwenyewe ambalo hata binti yake alishindwa kuliiga. Atakayegusa mti atauvuta uzi, na atakayeukata hataweza kuufunga tena.

Siku kumi baadaye alirudi mchana. Nyuzi zote kumi zilikuwepo. Mafundo yote kumi yalikuwa yake. Ila saba kati ya nyuzi hizo zilikuwa zimelegea na kuteremka, nyingine zimekaa kwenye mizizi kama soksi iliyoisha mpira.

Alikaa chini palepale, viatu vya mumewe mbele yake, akautazama mti namba 214 kwa muda mrefu. Hakuna aliyeugusa. Umekonda wenyewe.

Alhamisi ya wiki hiyo aliitwa ofisini. Kamili alikuwa ameshakaa, kofia kwenye goti. Juu ya meza kulikuwa na madaftari mawili yamefunuliwa, na Daktari alikuwa ameivua miwani, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa na neno gumu.

"Makao makuu wameniuliza swali," alisema. "Namba za mteremko zinapanda kila mwezi, vizuri kabisa. Namba za bonde zinashuka. Msitu ni mmoja, jua ni moja, ukame ni mmoja. Bonde lina maji zaidi, mteremko una udongo mwembamba juu ya mwamba. Kama kuna upande wa kukonda, ungekuwa mteremko. Sasa sisemi kitu kibaya. Lakini daftari moja kati ya haya halisemi kweli, na sijui ni lipi."

Mama Futi alihisi damu ikimpanda usoni. Miaka ishirini na saba hakuna aliyewahi kumwambia futi yake inadanganya.

"Shemeji," Kamili alisema kwa sauti ya upole, "labda ni macho. Mtu huchoka. Hakuna ubaya."

Hapo ndipo Mama Futi alipomtazama, na Kamili akautazama ukuta. Ukuta wenyewe haukuwa na kitu, hata kalenda.

Mama Futi akatoa nyuzi kwenye mkoba, akazimwaga mezani, akaeleza habari zake mwanzo mpaka mwisho. Daktari alishika uzi mmoja, akauzungusha kidoleni, sura yake ikabadilika.

"Mama, ulichokiona kinajulikana," alisema polepole. "Shina lina maji ndani, hasa chini ya gome. Mchana majani yanapoteza maji, mti unayavuta kutoka shinani, shina linanywea. Usiku unayarudisha. Ukame ukiwa mrefu hakuna cha kurudisha. Mti unaamua kufunga vile vitundu vya majani ili usife kiu, lakini ukivifunga, hewa nayo haiingii. Unabaki umefunga mdomo. Hauli, haunywi, unaishi kwa akiba."

"Kama mtu aliyeziba pua kwenye vumbi," Mama Futi alisema.

"Hasa. Lakini mti mmoja ukinywea, wa jirani yake hauwezi kunenepa vizuri hivi." Aligonga daftari la Kamili kwa kalamu. "Jumatatu mtabadilishana. Mama atapanda mteremkoni, wewe Kamili utashuka bondeni. Kila mtu atakuwa na nakala ya namba za mwenzake."

"Jumatatu?" Kamili aliuliza upesi mno. "Mteremko ni mkali, Daktari. Na mgongo wa shemeji..."

"Mgongo wangu niachie mwenyewe," alisema Mama Futi.

Wakashika njia ya kurudi. Siku nyingine Kamili angesimulia kichekesho cha mlinzi na mbuzi wa jirani, lakini siku hiyo alitembea nyuma yake, na Mama Futi akaona jambo ambalo halikumkaa vizuri: kila alipogeuka, shemeji alikuwa amesimama, amejifanya anafunga kamba za viatu.

Jumatatu Kamili hakuja kazini. Alituma ujumbe kwamba ana homa. "Homa ya Jumatatu," alisema mlinzi, na kwa mara ya kwanza Mama Futi akacheka na mlinzi.

Alipanda peke yake, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika matawi. Miti ya kwanza, iliyo karibu na njia, ilikuwa safi: vibati vinang'aa, mistari inaonekana. Alipima. Ilikuwa imekonda, yote, kuliko hata ya bondeni. Nakala aliyopewa ilisema imenenepa. Alipofika mti wa hamsini njia ikaanza kuwa ukuta, na hapo hakuona tena alama ya mguu wa mtu. Kibati cha namba 61 kilikuwa kimefunikwa na mtambaazi uliokauka, na ili mtambaazi uote, ukue mpaka pale, kisha ukauke, unahitaji zaidi ya mwaka. Kwenye 74 buibui alikuwa amejenga juu ya mstari mwekundu, wavu wa zamani wenye vumbi, haujawahi kupitiwa na futi.

Namba 88 hakuiona. Aliitafuta huku na kule mpaka akajikwaa juu yake. Mti ulikuwa umelala chini, mizizi juu, gome limebanduka, uyoga mgumu umepanga safu ubavuni kama vifungo vya koti. Ulianguka zamani. Akafunua nakala. Namba 88: mwezi uliopita 142.6, mwezi huu 142.9.

"Loo," Mama Futi alisema kwa sauti, peke yake msituni. "Maiti imenenepa."

Akavunja kipande cha uyoga, akakitia mkobani.

Hakwenda ofisini. Alishuka moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Kamili, nyumba ya vyumba viwili yenye ukumbi mdogo uliojaa makochi, akabisha hodi kwa kishindo. Mke wa Kamili alifungua, akamwona vile alivyo na majani nywelani, akasogea pembeni bila kuuliza. Kamili alikuwa kwenye kochi, mguu wa kulia umepandishwa juu ya stuli.

"Habari za homa?" Mama Futi aliuliza, bado amesimama.

Kamili alifungua mdomo. Neno lake la siku zote halikutoka.

"Namba themanini na nane," alisema Mama Futi. "Umeongezeka milimita tatu. Umelala chini, shemeji, unaliwa na uyoga, na bado unaongezeka. Ni dawa gani unayoupa, na mimi uninunulie?"

Mke wa Kamili akaingia jikoni, akafungulia bomba ili asisikie, au ili aonekane hasikii.

"Ni goti," Kamili alisema mwishowe. "Tangu mwaka juzi. Nikifika pale njia inaposimama haliendi. Mara ya kwanza nikasema nitapima mwezi ujao. Mwezi ujao nalo halikwenda. Nikatazama namba za nyuma, zilikuwa zinapanda mbili, tatu, mbili, tatu. Nikasema, shemeji, mti ni mti, kazi yake ni kukua. Nikawa naukuza mwenyewe. Hata ile ya karibu na njia nikaacha kuipima, nikaikuza pamoja na wenzake. Sikujua kama mti unaweza kurudi nyuma. Nani anajua jambo kama hilo?"

"Na ofisini ukasema macho yangu."

"Nilisema labda."

"Ulisema macho yangu, Kamili!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina la mtaani badala ya shemeji, na wote wawili walilisikia likianguka katikati ya ukumbi. Huyu ndiye aliyesimama naye kaburini. Huyu ndiye aliyemtafutia kazi. Na huyu huyu alikuwa tayari kumwacha atolewe kazini kama mwongo kwa sababu ya kweli aliyoiandika. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye maisha yake yote alikuwa akizikung'uta nguo za wengine.

Kisha shaka ikarudi, ile ya kazini. Mtu aliyedanganya miezi kumi na minane ya miti atashindwaje kudanganya goti moja?

"Kunja suruali," alisema.

"Nini?"

"Kunja suruali zote mbili, mpaka juu."

Alipiga magoti kwenye zulia, mgongo ukimlaani, akatoa futi ya kitambaa shingoni. Akapima goti la kushoto: thelathini na nane. Akapima la kulia: arobaini na nne. Akapima tena la kulia, taratibu, na Kamili akang'ata meno machozi yakamlenga. Arobaini na nne.

Mama Futi akakaa pale pale sakafuni, futi mkononi, hasira yake yote ikiwa haina pa kukaa. Goti lilikuwa la kweli.

"Mwezi wa ngapi huu hujaenda hospitali?"

"Wangeniambia niache kupanda mlima. Nikiacha kupanda mlima mimi ni nani pale? Daktari angeniweka wapi?" Aliinama. "Shemeji, sema ulikosea mwezi mmoja. Mimi nitashusha za kwangu kidogo kidogo. Baada ya miezi mitatu madaftari yatakutana. Hakuna atakayeumia."

Alilifikiria. Tusimtukuze kupita kiasi: alilifikiria kwa muda wa kutosha mpaka bomba la jikoni likafungwa. Kisha akawaona wale watu wa makao makuu, asiowajua, wakichukua namba za maiti na kuwaambia watu wengine wasiowajua kwamba msitu ni mzima, kwamba hewa bado inavutwa, msiwe na wasiwasi. Hata mteja mwongo alikuwa akijidanganya yeye tu na gauni lake.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alisema akiinuka. "Utakwenda mwenyewe. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na nitabeba uyoga wa themanini na nane kama ushahidi."

Hakuamini kwamba atakwenda. Jumanne hakumwamini, Jumatano hakumwamini zaidi. Alhamisi asubuhi hakuweza kuvumilia, akaenda ofisini mapema akiwa na uyoga umefungwa kwenye gazeti. Kamili alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, fimbo mkononi, amenyoa ndevu kama bwana harusi.

"Ni Alhamisi," alisema alipoliona lile gazeti. "Ulisema Ijumaa."

"Nimepita tu."

"Ulikuja kuchungulia."

"Ndiyo," alikiri Mama Futi.

Kamili akaingia, mlango ukafungwa. Mama Futi alibaki benchini, na ingawa sikio lake lilikuwa hodari, hakusikia kelele. Kamili alitoka baada ya nusu saa, akampita bila kumtazama. Daktari alitokea mlangoni, uso umemshuka.

"Miezi kumi na minane," alisema. "Yote takataka. Nilishapeleka ripoti ya mwaka jana, mama. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba mteremko unavuta hewa vizuri kuliko tulivyotegemea. Nilifurahi. Nadhani ndiyo maana sikuuliza."

Iliwachukua wiki tatu, Daktari na Mama Futi, kuupima mteremko upya, wakipanda asubuhi na kushuka wakiwa wamejaa vumbi mpaka kope. Miti mia tatu na themanini iligeuka kuwa mia tatu na arobaini na saba. Thelathini na mitatu ilikuwa imekufa, mingine imesimama lakini ukiigonga unasikia mtungi mtupu. Daktari alikokotoa usiku na mchana, kisha akamwita akamwonyesha mstari uliochorwa. Kwa miaka mingi ulikuwa juu, upande wa kuvuta. Mwaka huu ulikuwa umeshuka ukavuka katikati.

"Miti hai imefunga vitundu, haivuti sawasawa," alisema. "Joto nalo linaifanya ipumue zaidi, na kila ikipumua inatoa. Iliyokufa inaoza, inairudisha hewa iliyoimeza miaka themanini. Ukijumlisha, msitu wetu mwaka huu umetoa kuliko ulivyovuta."

Mama Futi aliutazama mstari ule kama alivyokuwa akitazama kitambaa kilichorudi baada ya kufuliwa. "Na utageuka tena?"

"Mvua zikirudi, huenda. Ukame ukija mara kwa mara, sijui. Ndilo swali lenyewe, mama. Tumekuwa tukiihesabu misitu kana kwamba ni lazima itusaidie."

Mvua zilirudi, zimechelewa, nyingi kwa mpigo. Siku tano baada ya mvua ya kwanza Daktari alishuka bondeni mwenyewe na kumkuta Mama Futi kwenye 214. Kipimo kilikuwa 163.5.

"Umepona!" Daktari alisema.

"Hayo ni maji," alijibu Mama Futi. "Umekunywa ukajaa tumbo, bado haujanenepa. Nitauamini baada ya miezi mitatu."

Daktari akacheka, akasema kuna wasomi ambao wamesomea miaka mingi na hawajajifunza kutofautisha. Baada ya miezi mitatu ulikuwa 163.6, na Mama Futi alikubali milimita moja, si zaidi. Makao makuu yalipokea ripoti mpya, iliyoitwa marekebisho, na barua iliyorudi ilikuwa ya baridi, lakini hakuna aliyefukuzwa. Kamili alipelekwa hospitali, goti likafunguliwa na kufungwa, akapewa kazi bandani: kuchambua majani yanayodondoka msituni, kuyakausha na kuyapima kwenye mizani. Hiyo nayo ni sehemu ya hesabu, kwa sababu jani likianguka linaondoka na kaboni yake.

Mambo kati yao hayakurudi haraka. Kwa miezi kadhaa Kamili alipita dukani kumsalimia binti, akaondoka kabla mama hajarudi. Mke wake ndiye aliyeleta kitambaa na kusema, "Mshonee, mama, anaona haya," na Mama Futi alimshonea suruali pana gotini, hakudai neno la shukrani wala hakuletewa.

Kisha asubuhi moja, kabla ya kwenda bondeni, aliingia bandani kuchukua kalamu. Kamili alikuwa na mifuko kumi na miwili ya majani makavu mbele yake, kila mmoja na karatasi yake. Wakasalimiana. Mama Futi akachukua kalamu, akafika mlangoni, akasimama. Kisha akarudi, akauinua mfuko wa tatu, akauweka kwenye mizani yeye mwenyewe. Gramu mia nne na kumi na sita. Kwenye karatasi: mia nne na kumi na sita.

Akauinua mfuko wa tisa.

"Na ule wa mwisho, shemeji," Kamili alisema, akimsogezea kiti. "Ule ndio mimi mwenyewe siuamini."

Mama Futi akakaa.